Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Amisa

Asubuhi ile mama alikuwa anatwanga mpunga nyuma ya nyumba yetu, Wamaza, na dada yangu Amisa amekaa mlangoni anafukuza nzi kwenye kidonda cha buba mguuni mwake. Ilikuwa mwaka wa 1953, wakati wa mvua, siku kama siku nyingine. Nasema hivyo mujue kwamba sisi hatukuwa watu wa mambo ya ajabu. Marehemu baba aliuza chumvi Kasongo. Mama, jina lake Binti, alilima mpunga. Kaka yake, mujomba Gaston, alisoma kwa mapadri na akawa anfirmie, yaani muuguzi, wa dispansere ya hapo Wamaza. Na niwaambie mapema, nasimulia hii nikiwa na hasira. Hasira yenyewe imezeeka pamoja na mimi, haijapoa. Anayetaka hadithi ya kubembelezea mutoto atafute kwingine.

Amisa alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na miwili. Sindano yake ya kwanza ya penisilini alipigwa kiangazi, na haikumfanya kitu. Ya pili alipigwa na mujomba mwenyewe, asubuhi ile ile ninayoisema. Tulikuwa bado hatujatoka dispansere Amisa akaanza kujikuna mikono.

"Mama," alisema, "viganja vinaniwasha."

Mama akacheka, akasema labda ni upupu wa shambani. Mujomba hakucheka. Ngozi ya Amisa ikatoka mabaka shingoni, kifuani, kila mahali, kama mtu aliyepitiwa na siafu. Midomo ikavimba. Pumzi ikaanza kupiga mluzi. Mujomba alimlaza chini, akainua miguu yake juu ya kigoda cha mbao alichokuwa anakalia, akavunja shingo ya kichupa kidogo, akamdunga pajani. Adrenalini, ndiyo jina la dawa ile. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, kidole juu ya mshipa wa mkono wake, akihesabu, mpaka jua likageuka na mluzi ukanyamaza.

Alipoinuka, alichukua kadi ya dispansere ya Amisa. Kwa wino mwekundu, herufi kubwa kubwa, akaandika kwa Kifaransa kwamba huyu asipigwe penisilini kamwe.

"Dada," alimwambia mama, "hii dawa inasaidia watu wengi, lakini damu ya huyu mutoto imeikataa. Siku ingine itamuua. Hii kadi isipotee."

Sasa sikilizeni tulichofanya.

Kwa ukoo wetu, mtu akifika mlangoni pa kifo akarudi, jina lake linabaki kule. Kifo kimeshalijua. Basi unakata mgomba wa urefu wa mtu yule, unauvika nguo zake, unaulilia, unauzika kwa jina lake. Yeye unampa jina jipya. Chochote chenye jina la zamani kinaingia kaburini, na kuanzia siku hiyo hakuna mdomo unaolitaja tena, maana kulitaja ni kukionyesha kifo njia. Tuliuzika mgomba siku ya tatu, kando ya shamba la mpunga. Niliulilia mimi mwenyewe, kwa machozi ya kweli. Dada yangu amesimama pembeni, anaitwa Mwamvita, anajitazama anavyozikwa.

Na kadi ilikuwa na jina. Mama aliichomeka kifuani pa mgomba, ndani ya kitenge, tukafukia.

Kapita, msimamizi wa kijiji, alipelekewa habari kwamba Amisa wa Binti amefariki, akaiandikisha kwa karani. Lazima na serikali idanganywe, mama alisema, kifo kina masikio. Mujomba alikuwa amekwenda Kabambare kuchukua dawa. Aliporudi hakushangaa jina jipya, alizaliwa humo humo. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kadi iko wapi?"

"Iko ndani ya sanduku," mama alijibu.

Alimwamini dada yake. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nilisikia, na sikufungua mdomo. Hasira yangu ya kwanza ni hiyo, na ni juu yangu mwenyewe.

Mwaka uliofuata wakaja watu wa serikali wa kupiga sindano za buba. Mzungu wao tulimwita Bwana Upesi, kwa sababu Kiswahili chake kidogo kilianzia na kuishia kwenye neno hilo. Watu mia sita kabla ya saa sita mchana! Wanapangwa kama matofali, na atakayeficha mtoto wake, fimbo ya kiboko. Meza zilikuwa mbili, moja ya Mzungu, moja ya mujomba. Kabla hawajaanza nilimsikia mujomba akimwomba mambo matatu. Kila mtu aulizwe kama sindano imewahi kumvimbisha. Adrenalini iwekwe juu ya meza. Watu wakae kidogo kivulini kabla ya kwenda zao.

"Gaston," yule alimwambia, "unataka tulale hapa?"

Adrenalini ikabaki ndani ya sanduku la chuma, sanduku likabaki ndani ya lori, ufunguo ukabaki mfukoni mwa kaptula ya Bwana Upesi. Ufunguo mdogo tu! Mtu anabeba roho za watu mia sita mfukoni na hana habari.

Sisi tulipangwa kwenye mstari wa Mzungu. Karani alikuwa amemwandikia dada yangu kadi mpya, nyeupe, safi kabisa. Mama alitulia. Msimwone mjinga. Kichwani mwake, mwenye damu inayokataa dawa alikuwa Amisa, na Amisa yuko ardhini. Huyu Mwamvita ni mtu mwingine. Aliamini hivyo kama munavyoamini kwamba jua litatoka.

Mujomba aliinua macho akatuona. Tulikuwa wa tatu kutoka mbele. Aliiacha sindano yake mezani akaja mbio.

"Bwana, huyu hapana! Nimeandika kwenye kadi yake!"

Bwana Upesi akachukua kadi nyeupe, akaigeuza huku na huku. "Hakuna kitu."

"Ni jina jipya hilo. Huyu ni Amisa. Angalia kitabu, Amisa wa Binti."

Mzungu akafungua kitabu cha majina. Kidole kikashuka kwenye ukurasa, kikasimama. Jina la Amisa lilikuwa limepigwa mstari, na pembeni karani ameandika kwamba amekufa.

"Huyo alikufa," alisema. Akamgeukia mama. "Wewe mama yake. Huyu ni Amisa?"

Jina lilikuwa limetajwa mara tatu mchana kweupe. Niliona midomo ya mama imekauka. Mujomba akamshika mabega.

"Dada, sema. Nakuomba. Sema jina moja tu."

"Hapana," mama alisema. "Amisa alikufa. Huyu ni Mwamvita."

Jamani! Dada yangu akanitazama. Nilikuwa nimemshika mkono. Nami nikatazama chini.

Akapigwa.

Hakufika hata kivulini. Alisimama, akatandaza mikono yake mbele ya macho yake.

"Mama," alisema polepole, "viganja vinaniwasha."

Mujomba alikimbilia lori. Sanduku limefungwa. Akarudi kwa Mzungu, anapiga kelele, ufunguo, ufunguo! Mzungu anapapasa mfuko huu, anapapasa mfuko ule. Mabaka yalipanda shingoni. Mluzi ukaanza. Nilimwinua miguu kama nilivyomwona mujomba akifanya. Mluzi ukawa mwembamba. Mujomba alirudi na kichupa mkononi. Mluzi ukakatika.

Bwana Upesi alifuta jasho, akaandika kwenye kitabu chake kwamba mutoto amekufa kwa sumu ya kienyeji aliyolishwa nyumbani. Sumu ya kienyeji! Nilimwona akiandika, kisha akaita anayefuata. Na watu wetu nao, kabla hatujamaliza kumwosha maiti, wameshasema Binti ni mchawi, amemzika mwanawe mara mbili ili amle vizuri. Waliibomoa nyumba yetu huku wengine bado wanakula chakula cha matanga.

Mujomba alitaka kadi yake ya wino mwekundu. Aende nayo Kabambare, aiweke mezani kwa watu wa serikali, waone kwamba aliandika. Asubuhi ya siku ya pili alikwenda na jembe pale kando ya mpunga, nami nyuma yake.

Mgomba uliokatwa hauchukui hata miezi miwili ardhini, unageuka maji. Huu ulikuwa umekaa mwaka. Tuliukuta mbichi. Tena ulikuwa umevimba, mnene mara mbili ya ule tuliouzika, umepasua kitenge. Na juu ya gome lake kulikuwa na mabaka yaliyoinuka, toka juu mpaka chini.

Mahali pa kadi palikuwa na nafasi yake tu, imejichora kwenye gome, pembe nne. Kadi haikuwepo.

"Fukia," mujomba alininong'oneza. "Fukia haraka."

Baada ya siku nne msafara wa sindano, na mujomba ndani yake, ulikuwa kijiji kingine, kwenye njia ya kwenda Nyangwe. Haya nasimulia kama mujomba alivyonisimulia, na mujomba hakuwa mtu wa uongo. Karani alileta fungu la kadi. Ya juu kabisa ilikuwa na udongo, imelowa, na wino mwekundu wa mkono wake mwenyewe. Amisa wa Binti. Bwana Upesi akaitupa chini. Zilipoletwa kadi nyingine, ikawa juu tena. Akaichoma kwa kiberiti. Mara ya tatu ikawa juu, na aliyesimama mbele ya meza alikuwa mzee mmoja, jina lake Faradji.

"Mzee," mujomba alimwuliza, "sindano iliwahi kukuvimbisha?"

"Iliwahi, kule Nyangwe. Nusura niende."

Mujomba akamwambia atoke kwenye mstari. Bwana Upesi akamzaba mujomba kofi, akamvuta Faradji, akampiga sindano kwa mkono wake mwenyewe. Lakini safari hii kichupa kilikuwa mfukoni mwa mujomba. Alikiiba alfajiri, akavunja kufuli. Faradji aliishi. Na mujomba Gaston alifukuzwa kazi kwa wizi wa dawa, akafungwa miezi minne Kabambare. Ndiyo haki ya siku zile! Alipotoka, alikuta kadi ndani ya mfuko wa shati alilovuliwa siku ya kufungwa. Aliniachia mimi alipokufa. Nikaifungia ndani ya sanduku lake, Wamaza, chini ya gunia la mpunga.

Mwaka wa 1959 nilikuwa nimeolewa Kasongo na nina mutoto wa kwanza, wa miezi saba. Alishikwa na kichomi, kifua kinaruka kama cha kifaranga. Nilimpeleka dispansere mimi na mama. Mama alikuwa haongei sana siku hizo. Kwa miaka mitano hakuwahi kulitaja lile jina, wala sindano.

Tulikuwa wa mwisho mchana ule, benchi nyuma yetu limebaki tupu. Anfirmie alikuwa kijana, Pacifique, mwenye adabu. Alishavuta dawa ndani ya sindano. Nikamwuliza kama ni penisilini.

"Ndiyo. Usiogope, mama. Mutoto hajapigwa hata siku moja, haiwezi kumukataa."

Akanyoosha mkono kuchukua kadi ya mwanangu. Akasita.

"Hii ya nani? Iko na udongo." Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Amisa ni nani?"

Wamaza ni mwendo wa siku mbili. Kufuli niliifunga mimi, ufunguo nilikuwa nao shingoni. Na sikujua, mpaka leo sijui, kama dada alikuja kutuonya au alikuja kumchukua mwanangu. Nilimgeukia mama. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mutoto mgongoni, nilitaka kumpiga mama yangu.

"Sema!" nilimwambia. "Leo utasema!"

Mama aliitazama kadi. Midomo ilikauka kama siku ile.

"Ni mwanangu," alisema. "Amisa ni mwanangu. Hakufa ile siku ya mgomba. Alikufa mwaka uliofuata, mbele ya macho yangu, kwa sababu nilimukana." Kisha akaita, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje ale. "Amisa! Amisa wangu!"

Nyuma yetu, kwenye benchi, sauti ikajibu taratibu.

"Mama, viganja vinaniwasha."

Tuligeuka sote watatu. Hapakuwa na mtu. Pacifique aliweka sindano chini bila kuambiwa. Mwanangu alipewa vidonge vya sulfa, vya kusagwa na maji, kwa siku nane, na akapona. Mama hakutaka kuondoka mpaka jua likachwa. Alikaa kwenye lile benchi, kiganja chake kimefunguka juu ya mbao, anakuna kitu ambacho mimi sikukiona.

Kadi ninayo. Wino ule mwekundu haujakauka mpaka leo, ukiupitisha kidole unaona. Niliupitisha mara moja tu, na mkono ulivimba mpaka kiwiko.