Mwenye Sabuni Ni Nani?

Kila asubuhi ua wa Mama Povu ulinukia limau. Alikoroga sabuni ya maji kwenye pipa, akaichuja, akaijaza kwenye madumu. Jina la Povu alipewa na majirani, naye alilipenda. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Alifanya kazi barazani, nje ya nyumba.

"Mke wangu, harufu hii inafanya hata baiskeli zitake kuoga," mume alitania.

"Zianze baiskeli, wewe ufuate!"

Sabuni yake ilipendwa hata ng'ambo ya mpaka. Wiki hiyo mama mmoja mwenye duka huko alimpigia simu. "Shoga, niletee madumu manne kabla ya Ijumaa. Ukichelewa, nachukua kwa mwingine."

Mama Povu akaona asipoteze muda. Mteja kama huyo haokotwi barabarani.

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kwenda forodhani. Aliamini kule ni kwa malori na wanaume wenye mikoba. Sabuni yake ilivushwa na mpagazi mmoja aliyejua njia zote za panya. Jumatano mpagazi huyo akaingia kwenye mto wa mpakani na madumu mawili ya kwanza. Akateleza. Madumu yakapasuka kwenye mawe. Lo! Mto mzima ukawa povu. Waliokuwa wakifua huko chini walishangilia, wakasugua nguo bure. Mpagazi akarudi mikono mitupu, ila msafi kuliko siku zote.

Mama Povu alicheka, kisha akalia. Jirani yake akachungulia uani. Dada huyu alifanya kazi kwenye dawati la taarifa la wafanyabiashara wadogo, pale mpakani.

"Jirani, unacheka au unalia?"

"Vyote, dada! Nampoteza mteja wangu."

"Humpotezi. Kwani kwa nini hupiti getini?"

"Mimi? Mwanamke na madumu yangu?"

"Forodha haiulizi sketi wala suruali. Nchi zetu zimekubaliana. Mali ndogo iliyotengenezwa humu humu ina utaratibu mwepesi. Njoo na kitambulisho. Unajaza fomu moja, unapewa cheti kwamba sabuni imetengenezwa hapa. Ukiwa na cheti, hutozwi ushuru wa forodha. Ukiambiwa kuna ada nyingine, uliza ni ya nini, na udai risiti. Huko vichakani ukiibiwa, au mtu akikushika vibaya, utamshtaki kwa nani?"

Mama Povu akafuta machozi. Mumewe akakohoa. "Basi nitakwenda naye, niseme mimi. Mwanamume akisema, mambo huenda haraka."

"Haya, tutaona," jirani akatabasamu.

Siku hiyohiyo walikoroga sabuni nyingine. Mume naye alishika mwiko. Baada ya dakika kumi akalalamika, "Mkono unauma!"

"Pole, mume wangu. Ndiyo kwanza tunaanza."

Alhamisi wakapakia madumu manne kwenye baiskeli, wakaenda mpakani. Ofisa akauliza, "Mwenye mali ni nani?"

"Mimi, mkuu," mume akajibu.

"Sabuni hii imetengenezwa kwa vitu gani?"

"Kwa... maji," mume akasema. Akajikuna kichwa. "Na... povu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Povu akasogea mbele. Akataja kila kitu: dawa ya kutoa povu, magadi, chumvi, gliserini, manukato ya limau. Akaeleza kipi hutangulia na kipi hufuata.

Ofisa akamsogezea fomu. "Basi mama, andika jina lako hapa, penye mwenye mali."

Mama Povu akashika kalamu. Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine. Muhuri ukagongwa, pa! Alifurahi hadi akataka kumkumbatia ofisa.

Mama wa dukani alipokea madumu yote manne, akaagiza manane kwa wiki iliyofuata. Habari zikaenea mtaani. Sasa wanawake saba hupita getini pamoja kila Alhamisi. Mmoja ana vikapu, mwingine asali, mwingine nguo alizoshona. Fomu zao huzijaza wenyewe.

Watu wakimsimamisha fundi baiskeli njiani kumuuliza bei ya sabuni, hucheka na kuelekeza kidole mbele.

"Muulizeni mwenye mali yule pale. Mimi nasukuma baiskeli tu."