Mayai Yaliyocheza Beseninini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kaidi aliwahi bandani nyuma ya nyumba. Alibadilisha maji, akafagia kinyesi, kisha akawamwagia chakula kuku, kware na kanga wake wawili, wale ndege wa madoadoa wenye kelele za kuamsha mtaa mzima pamoja na mawe yake. Jina la Kaidi alipewa na shangazi yake aliyemlea. Mtoto huyo alikuwa mbishi kiasi kwamba hata akipiga chafya na kuambiwa "Afya!" alijibu, "Nani kasema naumwa?"

Safari hii alikuwa amekosea. Kanga alitaga mayai na kukataa kuyaatamia, basi Kaidi akayaweka chini ya kuku, siku ileile na mayai ya kuku mwenyewe. Alisahau kwamba yai la kanga halina haraka. Huchelewa karibu wiki nzima nyuma ya la kuku. Vifaranga vya kuku vilipoanguliwa, mama yao aliondoka navyo kwenda kuchakura. Mayai ya kanga akayapa kisogo.

Kaidi akayahamishia kwenye boksi lenye balbu ya joto, kikombe cha maji na mabaki ya vitambaa, chini ya meza ya kukatia nguo. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na chumba hicho ndicho kilichowalisha.

"Toa hiyo mizoga humu," shangazi alisema, pini amezibana mdomoni. "Kuku mwenyewe kayakataa. Ni viza hayo! Moja likipasuka, kwa uvundo wake, mteja gani atarudi hapa?"

"Kayaacha kwa sababu vifaranga vyake vimeshatoka, shangazi. Haya bado yako hai."

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. Basi livunjike guu langu, si mayai."

Binti mkubwa wa shangazi, mchochezi asiyelipwa mshahara, alicheka akashika mbavu. "Mama, tuvunje moja tuone!"

"Ukivunja lililo hai utakuwa umeona nini?" Kaidi akamkata kauli. "Anza na kichwa chako, tuone kama kuna kitu."

"Adabu!" Shangazi akatema pini, akalibeba boksi kuelekea jalalani. Kaidi akamtangulia mlangoni, akatanua mikono kama kipa.

"Shikamoo, shangazi. Lakini hapa hupiti. Nipe beseni la maji ya uvuguvugu tu. Yai lenye kifaranga karibu kutoka hutikisika lenyewe majini. Lisilotikisika nitalitupa kwa mkono wangu."

Shangazi akaguna. Beseni likaletwa.

Yai la kwanza lilielea kimya. "Limelala fofofo!" binti akacheka. Kidole cha Kaidi kilikuwa ukingoni mwa beseni. Angeligusa kidogo tu, maji yangetikisika na hakuna ambaye angejua. Akauondoa mkono. "Hili ni viza," akasema, akaliweka kando.

La pili likatulia, kisha likaruka puu! kama mtu aliyefinywa. La tatu likacheza. La nne likacheza mpaka binti akasahau kucheka. La mwisho, kubwa kuliko yote, alilokuwa akilitegemea zaidi, halikutikisika. Kaidi alingoja, kisha akalitoa majini.

"Na hili," akasema, akaenda kuyatupa yote mawili.

Aliporudi, boksi lilikuwa chini ya meza, na shangazi alikuwa anaongeza vitambaa.

Siku chache baadaye vifaranga vya kanga vilitoboa maganda, vidogo, vya milia, vyenye makelele kuliko cherehani. Shangazi akamwita Kaidi kando.

"Ubishi wako ulinichosha tu, mwanangu. Lakini ulipoyatoa viza kwa mkono wako, na roho inakuuma, ndipo nilipoyaamini yaliyobaki. Ukitaka kubishana na dunia, bishana. Ila sema kweli hata pale inapokushinda. Na safari nyingine, weka mayai ya kanga kwanza, ya kuku yafuate."

Kaidi akafungua mdomo kubisha, kisha akaenda kujaza maji kikombe cha vifaranga.

Mteja mmoja, aliyekuja kupimwa gauni, akaziba masikio. "Fundi, kelele gani hizi? Watoe hao ndege!"

Shangazi akasimama mlangoni, akatanua mikono. "Hawatoki, mama. Asiyewataka, mafundi wamejaa mjini!"