Bandari ya Kilindimo

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, Kipotoshi kilihamisha nchi.

Kazi hiyo ilichukua dakika tatu na nusu. Katika chumba kipana kama bwalo la chakula, chini kabisa ya jengo la Makao Makuu, mtambo ulinguruma, ukapepesa taa zake za kijani, kisha ukatuma ramani mpya kwa kila treni, kila simu na kila kibao cha barabarani katika Dola ya Ukakamavu. Mji wa Bomani, uliolala kaskazini, uliamka kusini. Mto Mrefu ulisogezwa kilomita arobaini upande wa mashariki, lakini daraja lake likaachwa pale pale. Vibao vya njia panda vilibadili maandishi yake bila aibu yoyote. Lengo lilikuwa moja na lilikuwa tukufu: adui akija, apotee.

Adui hakuwa ameonekana kwa miaka sitini na minane. Hilo lilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mtambo unafanya kazi.

Kijiografia, Dola ya Ukakamavu ilipakana na adui upande wa kaskazini, adui upande wa kusini, adui wa muda upande wa magharibi, na milima upande wa mashariki, nayo milima ilikuwa chini ya uangalizi. Hali ya hewa ilikuwa siri ya jeshi, kwa hiyo watu walinyeshewa bila taarifa. Serikali iliongozwa na Baraza la Majemadari. Alikuwepo Jenerali wa Maziwa na Siagi, Jenerali wa Ndoa na Mazishi, na Jenerali wa Furaha, mtu mkali kuliko wote. Uchumi ulisimama juu ya mabuti. Nusu ya wananchi walishona mabuti, na nusu nyingine walipiga gwaride kutwa ili mabuti yachakae, wale wa kwanza wasikose kazi.

Aliyekitunza Kipotoshi alikuwa Meja Mhandisi Siwatu Kirobo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mnyoofu, ambaye hata alipokaa alionekana kama aliyesimama. Kila asubuhi alikipigia saluti. Chenyewe kilimwitikia kwa sauti ya upole, kama mhudumu wa hoteli nzuri, "Uongo umepokelewa, Afande."

Ndani ya tumbo la Kipotoshi ilifungiwa Ramani Halisi, ambayo hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuiona. Mtambo uliitumia kwa jambo moja tu, yaani kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachoandikwa mahali kilipo kweli. Kosa la namna hiyo liliitwa usahihi, na adhabu yake ilikuwa miaka saba.

Msomaji atauliza watu walisafiri vipi. Walisafiri kwa utii. Treni zilijiendesha zenyewe, hazikuwa na madirisha, na zilisimama pale ramani ya siku iliposema pana kituo. Aliyekata tiketi ya kwenda Bomani alishushwa mahali, na kisheria mahali hapo palikuwa Bomani. Mwanzoni watu walilia sana vituoni. Baadaye ikazaliwa desturi, na desturi ikaandikiwa kanuni: kila mji uweke ndugu wa zamu. Ukishuka unamtafuta mama yako, unapelekwa kwa mama wa zamu. Unamwambia, "Mama, ni mimi." Yeye anajibu, "Karibu, mwanangu, umekonda." Unalishwa, unaulizwa habari za kazi, unalala, unarudi. Wengine walipendana kweli na ndugu zao wa zamu, lakini hawakuonana tena, maana kesho yake mji ulikuwa kwingine.

Siwatu alikuwa amekula kwa mama wa zamu kumi na wanne katika safari zake za ukaguzi. Wote walikuwa wema. Mmoja alimtilia mahindi ya kuchemsha katika mkoba, akamwambia asile yote kwa mkupuo. Hakuna aliyekuwa Bi Nyange, mama yake, wa kijiji cha Kilindimo, na kosa la kutokuwepo kwake lilikuwa la Siwatu mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipolifanya, siku ya mahafali ya Chuo cha Ramani. Kila mhitimu alitakiwa kulitolea taifa uongo mmoja. Wenzake walihamisha soko, kilima, au shule waliyoichukia. Siwatu, aliyekuwa na ugonjwa wa kutaka kuwa wa kwanza, alisimama akaandika: ziwa, juu ya Kilindimo. Kijiji chake mwenyewe, pamoja na mashamba ya vitunguu na maporomoko ya maji yaliyonguruma nyuma ya nyumba yao. Majemadari walisimama wakapiga makofi. Walimvika Nishani ya Upotoshaji, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza lilikuwa limewekwa akiba kwa atakayeyapoteza Makao Makuu yenyewe.

Alidhani ziwa litakauka kesho yake. Lakini Dola ilikuwa imetamani jeshi la majini kwa karne nzima, na sasa ilikuwa na maji. Kabla ya chakula cha mchana Jeshi la Majini lilikwisha kuundwa, likapewa Admirali mmoja na mabaharia mia nne. Ziwa lenye Admirali halikaushwi. Miji ilihama kila siku, ziwa halikuhama.

Mwaka wa kwanza alijaribu kukirudisha kijiji. Alikiandika Kilindimo pale pale Kilindimo.

"Huo ni ukweli, Afande," mtambo ulisema. "Siwezi kuupokea."

Alijaribu tena kila mwaka, siku ile ile aliyoondoka nyumbani. Kufikia mwaka wa kumi, Kipotoshi kilimjibu kabla hajamaliza kuandika, tena kwa huruma. Aliandika barua pia, lakini barua nazo zilifuata ramani. Majibu yaliyokuja yalitoka kwa akina mama wa zamu wasiojulikana, wenye mwandiko mzuri, waliomsihi avae sweta.

Kwenda mwenyewe hakuweza. Kibali cha safari kilitolewa kwa mahali palipo kwenye ramani, na katikati ya ziwa waliruhusiwa mabaharia tu, waliopelekwa kwa gari la nchi na maji. Kilichombakia kilikuwa sekunde kumi na moja. Mara mbili kwa mwaka treni yake ya ukaguzi ilipita mahali ambapo sakafu ya behewa ilianza kutetemeka taratibu, na mngurumo mzito wa maporomoko ukapanda kutoka kwenye reli mpaka katika nyayo zake. Hakuhitaji dirisha. Alivua mabuti, akaweka miguu sakafuni, akahesabu. Sekunde ya kumi na mbili ilikuwa kimya. Treni haisimami ziwani.

Mambo yalibadilika siku alipoitwa ofisini kwa Admirali Chambuso kupeleka ramani za mwezi. Admirali alikuwa mzee mnene, mwenye sare nyeupe isiyowahi kulowa. Nyuma ya mlango wake lilining'inia shada la vitunguu vyekundu, vilivyosukwa mikia kama nywele.

"Samaki wa ziwa letu," Admirali alieleza, bila kumtazama. "Vijana huniletea wakirudi."

Siwatu alisogea. Ncha ya shada ilikuwa imefungwa kwa utepe wa kanga nyekundu, fundo likiwa limepinduliwa upande wa kushoto. Hakuna mtu mwingine aliyefunga hivyo. Majirani walikuwa wakimcheka mama yake kwamba anavivalisha vitunguu kama bibi harusi. Utepe ulikuwa mpya. Harufu ya udongo ilikuwa bado imo.

Alijisikia akisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti, kwamba ni aibu kwa jeshi la majini kukosa bandari. Alipendekeza ijaribiwe kwa siku moja, kwenye ufuko, kando ya reli. Yeye mwenyewe angeikagua. Admirali alilipenda wazo hilo mpaka macho yakamlowa, ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa maji kuonekana katika ofisi ile. Siwatu alimwalika kuzindua. Admirali alikataa upesi. Alisema mawimbi humpa kichefuchefu. Kisha akafunga mlango.

"Meja. Kule pana maji kweli?"

"Kwa mujibu wa ramani, Mheshimiwa."

"Hao vijana wakirudi huniambia maji ni shwari. Miaka ishirini na miwili, shwari." Aliligusa shada. "Nami siulizi. Nikiuliza nitajibiwa."

Alitia sahihi.

Asubuhi iliyofuata Siwatu aliandika: bandari, Kilindimo. Kipotoshi kiliipekua Ramani Halisi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Katika nchi nzima hakikupata bandari hata moja, na Kilindimo ndiko ilikokosekana kuliko kote. Taa za kijani zilitulia.

"Uongo umepokelewa, Afande," kilisema. Kisha kikaongeza jambo ambalo hakuna aliyekifundisha. "Safari njema."

Sakafu ilipoanza kutetemeka, alihesabu kwa mazoea. Kumi. Kumi na moja. Sekunde ya kumi na mbili mngurumo uliendelea kukua, breki zikalia, mlango ukafunguka. Roboti wa treni alitangaza kwamba hii ni Bandari, kwamba treni itasimama dakika arobaini, na kwamba abiria wajihadhari wasizame.

Nje palikuwa na vitunguu mpaka upeo wa macho. Katikati ya mistari, mabaharia kama ishirini wenye kofia nyeupe walikuwa wakipalilia. Walipoiona sare yake walitupa majembe, wakajipanga, na mkubwa wao akaripoti kwamba maji ni shwari. Siwatu aliwaambia waendelee kuogelea. Walirudi kwenye majembe.

Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa fupi kuliko alivyoikumbuka. Bi Nyange alikuwa amekaa mkekani barazani, mdogo, kichwa cheupe, macho yameingia ukungu. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa vile vile, vikisuka bila kutazamwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari limewahi leo. Wewe ni baharia wa ngapi?"

"Mama, ni mimi."

"Karibu, mwanangu, umekonda," Bi Nyange alijibu, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kusema hivyo mara elfu. "Kaa hapo. Wali uko jikoni."

Siwatu alikaa. Maneno yake yote yalikuwa yamekwisha, kwa kuwa maneno hayo hayo ndiyo waliyoyasema wote. Alisema yeye ni Siwatu. Mama akacheka kidogo, akasema bila shaka ni Siwatu. Kila baharia wa kike aliyeletewa alimwita hivyo, wavulana ndio alikuwa akiwapa majina mengine.

"Nalitumiatumia," alieleza. "Jina likikaa bure litapoa, na mwenyewe akirudi alikute baridi."

Siwatu alichukua vitunguu mkekani, akaanza kusuka. Alifika nchani, akafunga utepe, akapindua fundo upande wa kushoto, akamwekea mama mkononi. Bi Nyange alilipapasa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Vizuri. Wote nimewafundisha hilo."

Siwatu hakuwa na ushahidi mwingine. Maporomoko yalinguruma nyuma ya nyumba, na hayakukoma. Bi Nyange alianza kusimulia habari za binti yake wa kweli, kama anavyosimuliwa mgeni: mtoto wa kwanza darasani, mbishi, aliyekataa kuvaa sweta. Siku moja redio ilisema kijiji kimezama. Watu walitoka nje, wakatazama juu, wakarudi kupalilia. Alisema hakujua ni mtu gani mwenye roho ya kuwaza jambo kama lile. Siwatu hakuinua uso. Alichukua vitunguu vingine.

Ndipo treni ilipopiga honi.

Kwa honi ya kwanza Bi Nyange aliacha kusuka, akasogeza miguu yake pembeni ili mgeni apate njia. "Haya, mwanangu. Waeleze huko kwamba maji ni shwari."

Honi ya pili ikalia. Kwa kanuni za Dola, afisa anayeachwa na treni huhesabiwa mtoro. Kesho ramani ingegeuka, bandari isingekuwepo, na nafasi kama hii isingerudi tena. Siwatu alivijua vifungu vyote. Viwili kati ya hivyo aliviandika yeye. Alivua buti la kushoto, kisha la kulia, akayaweka kando ya mkeka.

Honi ya tatu. Magurudumu yakasaga reli, yakaenda zao, na chini ya mngurumo wa maji pakabaki sauti ya majembe tu.

Bi Nyange alikuwa amekaa vile vile, miguu pembeni, kitunguu mkononi. Alingoja. Kisha akanyoosha mkono, taratibu, akapapasa mkeka mpaka akazigusa nyayo tupu.

"Gari likipiga honi," alisema, "wote huinuka."

"Ndiyo, mama."

"Wote."

Mkono ulipanda gotini, ukafika begani, ukaipita nishani kana kwamba ni kifungo, ukatulia shavuni. Palikuwa pamelowa. Bi Nyange hakulitaja jina lile alilolitumia miaka yote. Aliuliza kwa hasira kidogo sweta liko wapi.

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili asubuhi, Kipotoshi kilihamisha nchi. Bomani ilirudi kaskazini, pengine. Bandari ilifutwa, na ziwa likatanda upya, la buluu, kubwa kuliko jana. Kwa mujibu wa ramani, mita thelathini chini ya maji hayo shwari, wanawake wawili walikuwa wamekaa mkekani wakisuka vitunguu, na mmoja wao alikuwa amevaa sweta lililombana.