Amplifaya Iliyokuwa na Njaa

Wapangaji wa lile jengo nyuma ya stesheni, pale Osaka, hawapendi kulizungumza jambo hili. Ukiwabana sana watakwambia Bi Shizuyo alipatwa na kiharusi, basi. Haya, na iwe kiharusi. Lakini aliyeyashuhudia ni binti yake, Kanae, na Kanae hajawahi hata siku moja kulitamka neno hilo.

Yalianza siku ya kawaida kabisa, katika msimu wa mvua, nguo zimetundikwa ndani na nyumba nzima inanuka unyevu. Kanae alikuwa akipiga gitaa la besi kwa riziki. Si majukwaani, maana tangu aachane na mumewe na kubaki na Nagi, binti yake wa miaka sita, hakuweza tena kuzurura na bendi. Watu walimtumia nyimbo zao kwa kompyuta, yeye akapiga besi akiwa nyumbani, akawarudishia. Shida ni kwamba siku hizo kazi yake ilikuwa ikikataliwa. “Imenyooka, ila ni baridi,” waliandika. Wateja wazuri walikuwa wameanza kuhama, na mwenye nyumba hali besi.

Kila mpiga besi anaijua dawa ya ugonjwa huo: amplifaya ya valvu, ile ya kizamani yenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Lakini zile kubwa bei yake inakata pumzi, na ukiiwasha moja kwenye fleti yenye kuta nyembamba, jirani atakugongea ukuta kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Kanae alitaka kadogo, ka wati tano hivi, ka kunong’ona tu mbele ya maikrofoni.

Alikapata Nipponbashi, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, kwenye duka la vyombo vilivyotumika, rafu ya chini kabisa, ile ya vitu visivyo na dhamana. Kilikuwa kisanduku cha mbao kilichotengenezwa kwa mkono, kitambaa cha spika kimepauka.

“Hii nani kaitengeneza, mzee?” aliuliza.

“Dada, mimi nauza, sifanyi sensa,” alijibu mwenye duka, Mzee Hatta, mtu wa maneno makavu. Akaigeuza nyuma, akammulikia tochi. “Ila aliyeitengeneza kazi aliijua. Ona waya zilivyolala.”

“Mbona rahisi hivi?”

Mzee Hatta akajikuna shingo. “Imeuzwa na kurudishwa mara kadhaa. Wanaoirudisha hata pesa zao hawadai. Sikuwauliza, na wewe usiniulize.” Kisha, kama mtu anayejuta kusema, akaongeza la kifundi: “Ikianza kulia yenyewe, ujue kuna valvu iliyochoka. Fungua nyuma, uzigonge moja moja kwa kijiti kikavu cha mbao. Ile mbovu itakuitikia.”

Nyumbani, kabla ya kuiwasha, Kanae aliifungua kuipangusa vumbi. Chini ya valvu alikuta punje za wali. Zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama mchanga, nazo zilikaa pamoja, kichungu kidogo nadhifu. Panya hao, alijisemea, ingawa panya hawapangi. Akazifagia kwa brashi, akazitupa kwenye pipa.

Aliiweka ndani ya kabati la magodoro, katikati ya mafarishi yaliyokunjwa, kama wafanyavyo wengi wanaorekodi majumbani, ili sauti isiwafikie majirani. Akaiacha ipate moto, akapiga. Jamani! Ile sauti ilikuwa nene na ya uvuguvugu, ikajaa kifuani mwake hata akacheka peke yake. Jioni ile mteja aliyekuwa amekwisha kumkimbia aliandika: “Hii sasa ndiyo besi. Tutumie nyingine.” Kanae alimnunulia Nagi samaki wa kuchoma, yule mkubwa, na wakala kama watu wa sikukuu.

Siku chache baadaye, amplifaya ikaanza kulia. Mlio mwembamba, kama mbu sikioni. Kanae alifungua nyuma ikiwa inawaka, akatafuta kijiti. Hakuwa na cha kifundi. Akachukua kile kilichokuwa karibu, kijiti cha kulia cha Nagi, kutoka kwenye kisanduku chake cha chakula cha shule.

Sasa, hakuna mtoto wa kule asiyekanywa juu ya hili. Bi Shizuyo mwenyewe alikuwa akimchapa Kanae vidole akiwa mdogo: usigonge bakuli kwa kijiti cha kulia, wafu wenye njaa watadhani wameitwa mezani. Kanae aliyakumbuka maneno hayo kijiti kikiwa mkononi. Akatabasamu. Valvu si bakuli, na mafundi wote hugonga hivyo hivyo.

Akagonga ya kwanza. Tk. Ya pili. Tk.

Ya tatu ikalia ting, mlio wa bakuli la kauri.

Akaondoa kijiti. Akangoja. Ndani ya spika, bila kuguswa na mtu, kitu kikajibu. Ting, ting. Haraka haraka, kama mtoto anayedai chakula. Kisha ule mlio wa mbu ukakatika, kukawa kimya, na Kanae, aliyekuwa na kazi ya kupeleka siku hiyo, akafunga kifuniko na kushukuru kwamba imepona.

Kengele ya upepo ndiyo iliyotangulia. Ilining’inia barazani, na adhuhuri moja Kanae aliona inayumba, kipande chake cha kioo kinagonga ukingo, lakini hakisikiki. Akaishika, akaitikisa. Kimya. Alipokuja kusikiliza alichokirekodi asubuhi, hedifoni masikioni, aliisikia kengele yake. Ilikuwa mbali, chini kabisa ya besi, ikilia polepole.

Kesho yake birika likachemka bila kupiga mluzi. Mvuke ulitoka, mluzi haukutoka. Na mluzi nao ulikuwa kwenye rekodi, umenyooshwa, mrefu, kama mtu anayeonja kitu kwa ncha ya ulimi.

Hapo angeweza kuizima. Hili lilikuja kumtafuna baadaye. Lakini wateja walikuwa wanarudi, na kila rekodi ilikuwa na mwili kuliko iliyotangulia. Akajiambia kengele ni kengele, na birika ni birika.

Ikaja siku ya tahadhari ya kimbunga. Shule zikafungwa, Nagi akashinda nyumbani. Kanae alimwandalia chakula cha mchana sebuleni, akamwambia, “Kula taratibu, mama anamalizia kipande kimoja tu.” Akaingia chumba cha pili, akawasha, akaanza kupiga. Kupitia mlango mwembamba alimsikia mwanawe akiyasema yale maneno wanayoyasema wote kabla ya kula, mikono imeunganishwa kifuani:

“Napokea kwa shuk...”

Neno likakatika. Halikumezwa na Nagi.

Kanae aliitupa besi sakafuni, akakimbia. Nagi alikuwa ameketi palepale, mikono imeunganishwa, kinywa wazi. Midomo ilikuwa inacheza. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakuna kilichosikika, hata kwikwi.

Daktari alimmulika koo, akasema koo ni zima. Huenda ni mshtuko wa kimbunga, alisema, apumzishwe. Kanae alirudi, akazivaa hedifoni. Chini ya besi, sauti ya Nagi. Neno limetimia sasa. *Napokea kwa shukrani.* Kisha tena. *Napokea kwa shukrani.* Na nyuma yake, ulaji. Wa taratibu.

Akamwita mama yake. Bi Shizuyo alikaa mtaa wa pili, na alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alikuwa akisema tangu mlangoni hadi mlangoni, na Kanae alizoea kumjibu “ndiyo mama” bila kumsikiliza. Siku hiyo alimsikiliza. Bi Shizuyo alichungulia kabatini, akanusa, akarudi nyuma.

“Ulikuta nini humo ndani?” alinong’ona.

“Wali mkavu.”

“Ukaufanya nini?”

“Nikautupa.”

“Halafu?”

“Halafu nikagonga valvu. Kwa kijiti cha Nagi. Mama, mafundi wote...”

“Mjinga wee.” Hakupaza sauti. “Umemnyang’anya sahani, kisha ukamwita mezani.”

Kanae alichomoa waya ukutani. Valvu hazikuzimika. Ya tatu iliwaka zaidi.

“Acha,” alisema Bi Shizuyo. “Mwenye njaa hafukuzwi. Ameshafungua chakula kwa maneno ya mtoto. Lazima kifungwe, kama kila mlo unavyofungwa. Mtu aseme ‘nimeshiba, asante’. Na atakayesema ataiacha sauti yake humo.”

“Nitasema mimi.”

“Na huyu nani atamwimbia? Nani atamfokea akikataa mboga?” Bi Shizuyo akamshika Kanae shavu, kitu ambacho hakuwa amekifanya miaka mingi. “Mimi nimesema ya kutosha, mwanangu. Hata wewe umenilalamikia.”

“Mama, nisamehe. Mama...”

“Lete wali. Wa moto.”

Akaingia kabatini na bakuli, akapiga magoti kati ya mafarishi, akauvuta mlango. Kanae alimkumbatia Nagi, akayafunga macho. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha mnong’ono. Kisha ting, moja tu.

“Mama!” Nagi akalia kwa nguvu mikononi mwake. “Mama, naogopa! Mama!”

Kanae alimbusu kichwa, mdomo, koo, akilia na kucheka. Mlango wa kabati ukafunguka. Bi Shizuyo akatoka na bakuli tupu, akamtazama mjukuu wake, akatabasamu, akafungua kinywa kusema. Hakikutoka kitu. Akakifunga taratibu, akaenda kuosha bakuli.

Amplifaya waliipeleka hekaluni. Mtawa aliipokea kwa mikono miwili wala hakuuliza swali. Kanae akarudia kurekodi kwa kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta, besi ikarudi kuwa baridi, wateja wakaondoka, akapata kazi ya asubuhi kwenye duka la mikate. Hakujali. Kilichomuuma ni ukimya wa mama yake, aliyehamia kwao sasa. Kelele zile zote alizokuwa akizikwepa, angetoa chochote azisikie hata mara moja.

Akazisikia.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, mvua zimekwisha, jua limejaa sebuleni. Walikuwa wameketi watatu. Nagi aliyasema maneno yake, wakala. Kisha kutoka kabatini, kwenye magodoro, mlango umefungwa, ikaja sauti ya Bi Shizuyo. Ile ile, yenye mkwaruzo na amri ndani yake.

“Niongezeeni.”

Bi Shizuyo alikuwa mbele yao. Kijiti kimemkwama hewani. Midomo imebanwa. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana.

Kanae hakuweza kuinuka. Nagi ndiye aliyeinuka. Hakushtuka. Alichukua bakuli lake, akapakua wali wa moto hadi juu, akausogeza mlango kidogo tu, akaliingiza bakuli gizani, akafunga. Alijua pa kuliweka. Ni wazi haikuwa mara ya kwanza.

“Nagi,” Kanae alinong’ona. “Tangu lini?”

Mtoto akakaa, akashika tena vijiti vyake.

“Nikichelewa,” alisema, “huniita kwa sauti yangu.”

Kanae alitambaa hadi kabatini, akauvuta mlango. Hapakuwa na amplifaya, hapakuwa na waya, mafarishi tu. Bakuli lilikuwa katikati yake, tupu, limelambwa safi, na lilipogusa vidole vyake bado lilikuwa la moto.