Maji ya Chini Hayana Ukuta

Chumba chao kilikuwa kimoja, nacho kilijaa miche. Miche dirishani. Miche juu ya kabati. Miche ndani ya makopo, mpaka chini ya kitanda. Mume alikuwa fundi saa. Mke alikuwa muuza miche.

"Siku moja tutaamka tumeota mizizi," mume alimtania.

"Basi tununue ardhi, mume wangu, uokoke."

Walipata shamba linalouzwa wakati wa masika. Kisima chake kilijaa hadi juu. Mawingu yalielea ndani yake. Mke aliinama, akajiona amesimama katikati ya mawingu, na kitalu chake kimemzunguka chote.

"Ardhi ikiwa yako, na maji ni yako," alisema muuzaji. "Fungeni pampu kubwa, mvute mtakavyo. Ila amueni leo. Kesho anakuja mteja mwingine."

Mume alikwisha toa kalamu. Jirani, mama mmoja aliyeitwa Shangazi na kila mtu, alikuwa akianika nguo ng'ambo ya ua. Akacheka.

"Mwanangu, masika hata unyayo wa ng'ombe ni kisima. Njoo ukitazame kiangazi."

"Na huyo mteja akiniwahi?" mume aliuliza.

"Atakuwa amenunua asichokijua. Unashindana naye kwa hilo?"

Mke akamshika mume mkono. Kalamu ikarudi mfukoni.

Shangazi aliwasindikiza njiani. "Kule juu alikuja tajiri," alisema. "Naye aliambiwa maji ni yake. Akachimba kirefu, akavuta mchana kutwa. Visima vyetu vikakauka kimoja kimoja. Tukaambiwa ni ukame. Ukame gani unaochagua upande mmoja wa kilima? Alipoondoka, maji yakarudi. Sijasahau. Maji ya chini hayana ukuta. Ukivuta kwako, yanatoka na kwangu."

"Kwani sheria inasemaje?" mke aliuliza.

"Mahali pengi, ardhi unanunua, maji unaruhusiwa kutumia tu. Yanabaki ya umma. Nendeni ofisi ya maji kabla ya kulipa. Ulizeni kama kisima kimeandikishwa. Ulizeni kama pampu inataka kibali, na kama kibali cha muuzaji kinahamia kwenu. Sisi hatukuuliza. Ndiyo maana tulilizwa."

Kiangazi walirudi. Yule mteja wa kesho hakuwa ameonekana bado. Nyasi zilikuwa kavu, na maji yameshuka mbali. Wakachota mpaka wakafika kwenye tope. Kisha wakakaa na Shangazi, wakangoja waone kama yatarudi.

Mume aligongagonga mguu chini.

"Fundi saa mzima, huna subira?" mke alimtania.

"Saa najua itagonga. Hiki sikijui."

Mke alilaza sikio kwenye ukingo, akafumba macho. Chini kabisa, tone lilidondoka. Likafuata jingine, polepole, kama mtu anayesema usingizini. Jua lilipoinama, maji yalikuwa yamerudi nusu.

"Yapo," alinong'ona mke.

"Yapo," alisema Shangazi, "lakini si ya pampu kubwa."

Walipeleka maji maabara pia. Yalionekana meupe, kumbe yana vijidudu. Choo cha zamani kilikuwa karibu, upande wa juu wa kisima. Basi wakakubaliana na muuzaji: kwanza choo kifukiwe na kisima kisafishwe kwa dawa, ndipo walipe. Maji yakapimwa tena, yakafaa. Wakanunua. Ofisi ya maji ikawapa kibali cha pampu ndogo. Choo kipya wakakichimba mbali, upande wa chini.

Kiangazi kilichofuata, mteremko wote ulikuwa wa kahawia isipokuwa kitalu cha mke. Asubuhi moja Shangazi alisikia pampu ikinguruma. Akamkumbuka yule tajiri wa kule juu. Akateremsha ndoo kisimani kwake, huku ameshika kamba kwa nguvu. Ndoo ikagonga maji, ikajaa.

Pampu ikanyamaza. Sauti ya mke ikavuka ua.

"Shangazi, nimezima. Ya leo yanatosha."

"Na huku yapo, mwanangu."