Mti wa Konani

Mvua ilikuwa imeporomosha ukingo wa mlima na kuifunga njia ya pwani. Chini yake mawimbi yalishaanza kupiga pale walipotarajia kupita. Fundi cherehani alimtazama wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akitetemeka ndani ya koti la mvua.

"Turudi kile kijiji cha asubuhi, kabla maji hayajajaa."

"Tupite matopeni tena?"

"Miti si ipo? Tutaifuata."

Aliposema hivyo fundi aliutazama mkongojo wake. Asubuhi, walipovuka yale matope ya mkono wa bahari maji yakiwa yametoka, goti lilimsumbua sana. Akang'oa mti mmoja kati ya ile iliyochomekwa kuonyesha njia, akaufanya mkongojo. Kitambaa chekundu kilichofungwa juu yake akajifunga gotini. Wifi alikuwa mbele anaimba, hakuona. Miti yote hii, fundi alijiambia, mmoja utamdhuru nani?

Sasa walishuka matopeni, mvua ikiwachapa usoni, ng'ambo haionekani. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu na yanapanda. Kila mti walioufikia, wifi aliupiga kofi kama anamsalimia shoga yake. Kisha wakafika kwenye mmoja ambao mbele yake hakukuwa na kitu.

"Mwingine uko wapi, wifi?"

Hapo ndipo fundi alipopaswa kusema kwamba njia inakata kona, na mti wa konani ndio huu alioushika. Lakini hakukumbuka kona ilielekea upande gani, na aliona aibu kukiri.

"Nyoosha tu," akasema.

Wifi alipiga hatua chache, akazama hadi kiunoni.

"Usipige mateke! Egemea nyuma! Shika hapa!"

Fundi alijitupa kifudifudi, akamnyooshea mti. Wifi akaudaka. Fundi alivuta mpaka mabega yakamuuma, lakini matope hayakumwachia wifi. Walipiga kelele, wakapumzika, wakapiga tena. Maji yalimfika wifi kifuani, kisha shingoni.

"Wifi," akamwambia fundi, meno yakigongana, "lile gauni ulilonishonea linanibana kwapani. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Akacheka. Fundi alifumbua mdomo amwambie na yeye la kwake. Akameza maji ya chumvi, akaufumba tena.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani alizisikia kelele. Alisukuma mtumbwi wake hadi kwao, akapitisha kamba chini ya makwapa ya wifi, akamng'oa. Kiatu kimoja kilibaki huko chini.

Nyumbani kwa mvuvi walipewa nguo kavu na chai ya moto. Wifi alijikunyata ndani ya blanketi, midomo ikianza kurudia rangi yake. Mvuvi alikaa mlangoni, hawatazami usoni.

"Mnisamehe, dada zangu. Kuiangalia ile miti ni kazi yangu. Kumbe wa konani umechukuliwa na maji na mimi sina habari. Mngekufa, ningewaambia nini watu wenu?"

Mkewe alikuwa amepiga magoti anamwosha fundi goti lililochubuka. Alikifungua kile kitambaa. Hapo ndipo fundi alipokiona vizuri: kilikuwa kimepindwa pindo kwa mkono, mishono midogo midogo, ili upepo usikichane. Mke wa mvuvi alipitisha kidole gumba juu ya pindo, kama mtu anayeitambua kazi yake. Akamtazama fundi. Kisha akakisuuza katika beseni.

Fundi alitamani yale matope yangemmeza yeye.

"Si maji, kaka. Ni mimi. Niliung'oa niutembelee. Na wifi aliponiuliza njia nilijua kilichotupata, nikanyamaza."

Mvuvi aliinuka, akatoka nje. Wifi aligeukia ukutani, akabaki hivyo jioni yote.

Asubuhi maji yalipotoka, mke wa mvuvi alimletea fundi kitambaa kikiwa kimekauka.

"Kakifunge mwenyewe," akasema.

Fundi aliubeba mti begani akielekea matopeni. Mvuvi alimwonyesha mahali kwa kidole tu. Nyuma yake alisikia hatua nzito: ni wifi, na viatu vya kuazima vinavyompwaya. Wifi aliushika mti, fundi akaugongelea kwa jiwe, kisha akakifunga kitambaa juu yake. Wifi alilivuta lile fundo kulijaribu.

"Kaza," akasema. "Wanapita watu hapa."