Kipozamoyo cha Darasa la Nne

Jumatatu, tarehe 14 Julai mwaka 2081. Asubuhi hiyo ukungu uliufunika mji wote wa Iringa, na manyunyu ya baridi yalidondoka juu ya mapaa ya kioo, yale yanayokamua umeme hata jua likiwa limejificha.

Katika Shule ya Msingi Lukwambe, darasa la nne, mtoto mmoja aliangua kilio katikati ya somo la hesabu. Mwalimu hakugeuka. Hakuwa na haja ya kugeuka. Kipozamoyo kilikuwa kimeshaondoka konani, mashine yenye kimo cha mtoto mdogo, iliyovikwa kitambaa laini kama blanketi. Ndani yake mlikuwa na akili unde iliyosikiliza maneno, na macho yaliyopima joto la uso na mwendo wa pumzi. Taa ya kifuani iliwaka nyekundu. Kikamshika mtoto kwa mkono wenye uvuguvugu, kikasema, "Pole. Pole sana."

Mtoto akafuta makamasi. "Nimeshapoa."

Taa ikageuka kijani. Kipozamoyo kikarudi konani, na hesabu zikaendelea.

Mhandisi Yusta Kikoti aliyaona hayo akiwa mlangoni, begi la vifaa begani. Yeye ndiye aliyekuwa akivitengeneza vipozamoyo vya mkoa mzima. Lakini hicho kilikuwa kizima. Alichoitiwa kilikuwa kimelazwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kichwa kimebonyea.

Mwalimu Mkuu Chengula alimpokea shavu limemvimba.

"Karibu, Mhandisi. Pole na baridi."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Pole na jino."

"Nimeshapoa," alisema Chengula, huku akilishika shavu kama mtu aliyebeba yai.

"Nani kakifanya hivi?"

"Sekela Luvanda. Kakipiga kwa kifuniko cha sufuria, mbele ya wenzake. Kamati inakaa saa nne. Yule anakwenda Shule ya Maadili."

Yusta alizijua shule hizo. Zilikuwa mbali, zimezungushiwa ukuta, na mtoto akiingia huko ndugu zake walimwona kwa kibali. "Ana umri gani?"

"Miaka tisa."

"Na kwao?"

"Mama yake alifariki gari-anga lilipoanguka, mwezi wa pili. Analelewa na bibi yake. Lakini hicho si kisingizio, dada. Kipozamoyo kilimhudumia, akapona siku ileile. Kijani! Kanuni iko wazi: mtoto mwekundu anaumwa, tunamsaidia. Mtoto wa kijani akivunja kitu, huo ni ukaidi."

"Mwalimu wa malezi anasemaje?"

Chengula alicheka, kisha akajuta kwa sababu ya jino. "Walimu wa malezi tuliwaondoa mashine zilipokuja. Wa kazi gani tena?"

Yusta alipiga magoti, akafungua kifua cha mashine. Kumbukumbu ilikuwa salama. Akaiamuru irudie mazungumzo yake na Sekela.

"Pole sana, Sekela. Pole kwa kufiwa na mama."

Kisha sauti ndogo, yenye adabu: "Nimeshapoa." Ukafuata mlio wa taa ya kijani.

Akaisogeza mbele hadi siku nyingine. "Pole, Sekela." "Nimeshapoa." Na nyingine. Na nyingine. Kila mara sauti ya mtoto ilizidi kuwa ndogo, na kila mara kijani.

Yusta alifumba macho. "Ee Mungu," alisema, na hakuwa akilitaja bure jina hilo.

Kosa lilikuwa la aibu kwa wepesi wake. Mashine ilifundishwa neno kupoa kama lilivyo: uji hupoa, homa hupoa, na mtu aliyepoa hana tena maumivu. Macho yake yaliona uso wa mtoto ukiwaka, lakini yalipopingana na neno, mashine iliamini neno. Na walioifundisha hawakuwa wageni. Walizaliwa hapahapa. Walipewa pole misibani na wodini, wakajibu kama kila mtu anavyojibu. Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema, "Jamani, hiyo ni adabu tu."

Kamati ilikaa kwenye bwalo la chakula. Mwenyekiti, Mzee Kiswaga, alikuwa kati ya wazazi wanne na walimu watatu. Mbele yao aliketi Sekela, miguu haifiki sakafuni, na kando yake bibi yake amejifunga kitenge cha heshima.

"Mhandisi, tupe hali ya chombo," alisema Mzee Kiswaga.

"Chombo kinatengenezeka. Ninyi ndio sijui kama mnatengenezeka."

Mtu mmoja aliguna. "Makubwa! Fundi katumwa kutukana wazee?"

"Mwalimu Mkuu," Yusta alisema kwa hasira, "asubuhi nimekupa pole ya jino, umenijibuje?"

"Nimeshapoa."

"Limepoa?"

"Linaniua, Mhandisi."

Wazazi wawili walicheka. Yusta hakucheka. Akawasikilizisha sauti ya Sekela, siku baada ya siku, hadi kicheko kikaisha bwaloni.

"Kwa neno hilo mmesema mtoto huyu amepona! Mashine haina mama, haijawahi kufiwa, nitailaumu vipi? Lakini ninyi? Mwalimu wa darasa, ulikuwa humo ndani. Ulisikia!"

Mwalimu wa darasa aliinamisha kichwa. "Taa ilikuwa kijani, dada."

"Taa! Mungu alikupa masikio, ukayakabidhi kwa taa."

Bibi aliinua mkono polepole. "Mnisamehe. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia, mtu akikupa pole usimtwishe mzigo wako. Mjibu vizuri, umwache aende zake." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sikujua ataachwa kweli."

Yusta alichuchumaa mbele ya Sekela. "Mwanangu, kwa nini ulikipiga?"

Mtoto aliangalia meza, akaangalia mlango. "Kikiwa kijani kinaondoka," alisema mwishowe. "Kinaenda kwa mwingine. Nilitaka kiwe chekundu."

Manyunyu yalisikika juu ya kioo.

Mzee Kiswaga alikohoa. "Tumeelewa, na inauma. Lakini kanuni haina huruma. Mtoto aliyevunja kipozamoyo habaki shuleni ila apatikane mdhamini, mtu mzima mwenye kazi, aape mbele ya kamati kwamba atamsimamia yeye mwenyewe. Bibi umri umekwenda, hakubaliki. Nani anasimama?"

Mwalimu wa darasa alihesabu vidole vyake. Mwalimu Mkuu alilishika shavu. Mzazi mmoja akanong'ona, "Mimi nina wangu watano."

Hasira ilimpanda Yusta. Alitaka kuwaita wanafiki, na neno lilikuwa tayari ulimini. Ndipo akamwona Sekela akiwatazama watu wazima mmoja mmoja, bila kutegemea kitu. Akatambua kwamba hata yeye alikuwa amesema sana, na bado hajasimama. Hasira peke yake haimkalishi mtoto nyumbani. Akaomba moyoni, maneno machache, apewe nguvu ya kufanya lile alilokuwa akiwadai wengine.

Akasimama.

"Mimi, Yusta Kikoti, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu ninyi mnaonisikia. Nitamsimamia Sekela mimi mwenyewe: kila siku masomo yakiisha, nitakuja kukaa naye. Sitampima. Akisema amepoa, sitaondoka. Akilia nitakaa, akinyamaza nitakaa, akinitukana nitakaa. Na siku nitakayochoka, nitakuja hivyohivyo, nimechoka."